Sura ya Saba: Mashahidi Sita

Lori kuukuu likianza kumisi, watu wanaolizunguka huanza papo hapo kutaja vifaa. Mmoja atasema ni kabureta, mwingine koili, wa tatu atasema injini imechoka na dawa yake ni kuishusha. Kila mmoja ana sababu zake, na huenda kila mmoja amewahi kuona lori lililopona kwa dawa anayoitaja. Hoja ya sura hii ni kwamba wote wanajibu swali la pili wakati la kwanza halijaulizwa. Swali la kwanza ni silinda ipi haifanyi kazi, na inagoma katika hali gani. Injini ya silinda sita ni mashahidi sita waliokuwa mahali pamoja: wanavuta hewa ileile, wanakula petroli ileile, wanachomewa na koili moja. Ushahidi wenye nguvu hupatikana kwa kumlinganisha shahidi mmoja na mwenzake. Kuilinganisha injini nzima na namba za kitabuni ni ushahidi dhaifu zaidi, na katika wilaya za Mbulu na Hanang ushahidi huo dhaifu unaweza kumpoteza fundi mwangalifu kuliko unavyompoteza fundi mzembe, kwa sababu mzembe hakifungui kitabu.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana ndiko hasara kubwa inakoanzia. Bedford ya aina ya J ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na kwa miongo kadhaa malori haya yalikuwa ya kawaida kabisa kwenye barabara za Afrika Mashariki. Injini zake za petroli, ile ya lita 3.5 na kubwa yake ya lita 4.9, zilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. General Motors waliiuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, kwa hiyo lori la namna hii likiwa bado linatembea leo, linatembea kwa spea za kuokoteza na kwa akili ya fundi. Fundi makini atatafuta kitabu cha matengenezo, na kitabu kitampa namba: kompresheni iwe kiasi hiki, taimingi digrii kadhaa, jeti ya ukubwa fulani. Namba hizo si za uongo. Tatizo ni kwamba zilipimwa katika nchi ambayo sehemu yake kubwa iko karibu na usawa wa bahari, na Mbulu haiko hivyo. Ukitoka Mbuyu wa Mjerumani, kwenye barabara ya Arusha kwenda Babati, ukapita Magara na kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, unaanza kwenye mita elfu moja hivi na kutokea kwenye nyanda zinazofika mita 1,800 na kupita. Hanang nako, kuanzia Katesh chini ya mlima hadi tambarare za ngano za Basotu, si nchi ya chini.

Kwenye mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Geji ya kompresheni huonyesha jinsi pistoni ilivyoiminya hewa iliyoingia. Ikiingia hewa pungufu, namba itakuwa pungufu hata kama ringi na valvu zimetoka dukani jana. Piga hesabu: silinda inayosoma paundi 130 kwa inchi ya mraba ikiwa Dar es Salaam itasoma paundi 105 hivi ikiwa Mbulu, na hakuna kilichoharibika njiani. Fundi anayefuata kitabu ataliona pengo la paundi 25 na kutoa hukumu kwamba ringi zimekwisha. Injini itashushwa, pistoni zitatolewa, bloku itapelekwa Arusha kuchongwa, mwenye lori atauza ng'ombe. Injini ikirudi itasoma karibu palepale, na itaendelea kumisi, kwa sababu chanzo kilikuwa waya wa plagi. Sasa weka kitabu pembeni, upime silinda zote sita kwa masharti mamoja: injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu, plagi zote zitolewe, akseleta ikanyagwe hadi mwisho. Ukipata 105, 103, 106, 104, 105 na 102, injini hiyo ni nzima. Ukipata 105, 103, 106, 62, 105 na 102, silinda ya nne imejitaja yenyewe, na ingejitaja vilevile kama lori lingekuwa Tanga au kileleni mwa Mlima Hanang.

Kabureta nayo ina habari kama hiyo. Petroli huvutwa na hewa inayopita kwenye koo la kabureta, na jeti haina namna ya kujua kama hewa hiyo ni nzito au nyepesi. Kwenye mita 1,800 mchanganyiko huzidi petroli kwa asilimia 8 au 9 ukilinganisha na pwani. Lori lililosetiwa vizuri kwenye joto la pwani likifika Mbulu litakuwa na sailensi nzito, plagi zenye masizi makavu na moshi mweusi kila linapokanyagwa. Kiangazi huongeza yake: kwenye tambarare za Hanang, ambako tangu miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada yalihitaji magari ya kusomba mazao kwenye vumbi la mavuno, kichujio cha hewa cha zamani chenye bakuli la oili hujaa tope, hewa hubanwa, na petroli huzidi tena. Lakini angalia tabia ya hitilafu hizi mbili. Mwinuko na vumbi haviichagui silinda moja. Mashahidi wote sita watalalamika kwa kiwango kinachokaribiana, na plagi zote sita zitatoka nyeusi. Plagi tano zikitoka na rangi ya kahawia iliyofifia na moja ikatoka nyeusi, kabureta haina kesi, hata kama ni chafu, hata kama imeshafunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia.

Jinsi ya kumtafuta shahidi mwenye habari ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau. Injini ikiwa ya moto na iko sailensi, chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza kwa koleo lenye mpini wa plastiki, uigusishe ncha yake kwenye chuma cha bloku, mbali na kabureta, ili umeme upate pa kupita usije ukaua koili au kukupiga mkononi. Sikiliza. Kama silinda ile ilikuwa inafanya kazi, mzunguko utashuka, injini itayumba kwenye vikalio vyake, mlio wa eksozi utapata tundu. Rudisha waya, subiri itulie, nenda kwenye ya pili. Mahali fulani kati ya ya kwanza na ya sita utachomoa waya na hakuna kitakachobadilika: injini itaendelea na kigugumizi chake kilekile. Hapo ndipo penye ugonjwa. Zima injini, itoe plagi ya silinda hiyo na ya jirani mzima, uzibadilishane, uwashe tena. Kigugumizi kikihama pamoja na plagi, umemaliza kazi kwa gharama ya plagi moja. Kikibaki palepale, plagi imeondolewa kwenye orodha. Badilisha waya kwa namna hiyohiyo, ukiangalia kila waya ubaki kwenye zamu yake. Plagi yenyewe itazame kabla ya kuifuta. Ikiwa imelowa petroli, moto haufiki. Ikiwa imelowa oili nyeusi yenye kunata, ringi au gaidi za valvu zinapitisha. Ikiwa imeoshwa ikawa safi kuliko zote, shuku maji ya rejeta yanayoingia mle ndani.

Utajiri wa njia hii huonekana pale silinda mbili zinapogoma pamoja. Zamu ya kuwaka ya injini hizi ni 1-5-3-6-2-4, na nyaya kwenye kifuniko cha distributa zimepangwa kwa zamu hiyo, si kwa mpangilio wa silinda. Kwa hiyo kila silinda ina majirani wa aina mbili: wale wa kwenye bloku, wanaotenganishwa naye na ukuta mwembamba wa chuma na gasketi, na wale wa kwenye distributa, wanaotenganishwa naye na plastiki ngumu ya kifuniko. Jambo linalofaa kukaririwa ni kwamba katika zamu hii hakuna jozi hata moja yenye ujirani wa aina zote mbili. Jozi za distributa ni 1 na 5, 5 na 3, 3 na 6, 6 na 2, 2 na 4, 4 na 1. Jozi za bloku ni 1 na 2, 2 na 3, 3 na 4, 4 na 5, 5 na 6. Zikigoma 3 na 4 na kompresheni zao ziko chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua kati yao. Katika nyanda hizi hilo halishangazi: maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na lori lenye mfuniko wa rejeta uliochoka hupandisha mlima likichemka bila dereva kujua. Zikigoma 5 na 3, na kompresheni zao ni nzima, kivue kifuniko cha distributa ukipeleke juani. Kigeuze polepole mpaka mwanga uingie ndani kwa mlazo. Kati ya shaba ya silinda ya tano na ya silinda ya tatu utatafuta mstari mwembamba mweusi, uliojipindapinda, usiofutika kwa kidole. Hiyo ni njia ambayo umeme umeichoma ndani ya plastiki, hasa asubuhi za ukungu na masika, na sasa moto wa silinda moja unaibiwa na nyingine. Jicho peke yake lingeweza kuupita mstari ule mara kadhaa. Linaelekezwa pa kutazama na jozi ya namba.

Baada ya swali la silinda ipi, hufuata la hali gani, na hapa wakazi wa Mbulu wana chombo cha kupimia ambacho gereji za mjini hazina: mlima wenyewe. Lori linalopanda Magara au Dareda likiwa na mzigo wa vitunguu saumu au mahindi, gia ya kwanza au ya pili, akseleta imekanyagwa sana, linazijaza silinda zake kadiri zinavyoweza kujaa. Cheche hupata shida kuruka ndani ya hewa iliyominywa sana, kwa hiyo koili dhaifu, plagi yenye mwanya uliopanuka na waya wenye ufa hujidhihirisha mlimani, ilhali kwenye sailensi vyote vilikuwa kimya. Pampu ya petroli iliyochoka nayo huonekana hapo, lakini kwa sura tofauti: lori halikatikikatiki, linakosa pumzi taratibu mpaka linazima, na likipumzika kidogo linawaka tena. Petroli inayochemka kwenye bomba lililo karibu na eksozi hufanana sana na hali hiyo. Kinyume chake, manifoldi inayovuta hewa ya wizi husumbua zaidi injini ikiwa sailensi na kupotea ukipiga resi, kwa sababu hewa ile ndogo huwa si kitu mbele ya hewa nyingi inayoingia kihalali. Valvu ya eksozi inayovuja kidogo nayo hugonga sailensi na kutulia kwenye mwendo. Na wakati wa kushuka, dereva akiwa ameachia akseleta na injini inalizuia lori, mvuto ndani ya manifoldi huwa mkubwa. Oili ikifyonzwa kupitia gaidi za valvu zilizolika, wingu la bluu litatoka pale chini atakapokanyaga tena. Dereva anayeyatazama haya na kuyaeleza kwa fundi bila kutaja kifaa chochote amemsaidia kuliko anayefika na hukumu mkononi.

Kuna pingamizi la kwanza, na ni la heshima: fundi mzoefu hahitaji yote haya, husikia. Ni kweli kwamba sikio la mtu aliyeishi na injini miaka thelathini hutambua mdundo wa silinda moja iliyokufa kabla hajaweka chini mkoba wa spana. Lakini sikio humwambia kwamba silinda moja haipo. Mara chache humwambia ni ipi, na haliwezi kumwambia kwa nini. Mafundi wazuri wa aina hiyo, ukiwaangalia mikono, huchomoa nyaya mojamoja kama nilivyoeleza. Uzoefu wao umewafupishia muda, haukuwaondolea kipimo. Ninalolipinga ni jina la kifaa kutajwa kwa sauti na kila mtu akaacha kutafuta.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Plagi, pointi na kondensa ni bei ndogo. Kwa nini usibadilishe vyote kwanza ukaondoa shaka? Mjini, penye duka la spea kila kona, hoja hii ina uzito. Haydom au Basotu mambo ni mengine, kwani kifaa cha lori la miaka ya 1960 huagizwa Arusha au mbali zaidi, na kinachofika mara nyingi ni cha kuigiza au kimekaa rafuni miaka mingi. Kondensa mpya iliyo mbovu ni mtego mbaya sana, maana hakuna anayeishuku. Halafu kuna hasara isiyoonekana: ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo na lori likapona, hujui lilikuwa linaumwa nini, na ugonjwa ukirudi utanunua vinne tena. Likizidi kuumwa, hujui ni kipi kati ya vinne kimeleta mapya. Kubadilishana plagi za silinda mbili ni bure na hujibu swali moja kwa wakati mmoja.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Kama kulinganisha silinda kwa silinda ndiyo ushahidi, itakuwaje zote sita zikiwa wagonjwa kwa kiwango kimoja? Mashahidi wote wakisema maneno yaleyale, utajuaje kama wamekosea pamoja? Hapa lazima nikubali kwamba kulinganisha pekee hakutoshi. Injini iliyochakaa sawasawa itatoa namba sita zinazokaribiana na zote mbaya. Ndipo kitabu hurudi, lakini kirudi kikiwa kimerekebishwa: ukubali punguzo la moja ya tano hivi kwa mwinuko huu kabla ya kusoma hukumu. Na usawa wenyewe ni habari kubwa. Unaondoa plagi moja, waya mmoja, valvu moja, na gasketi iliyoungua mahali pamoja, kisha unamwelekeza fundi kwenye vile ambavyo silinda zote hutumia kwa pamoja: kabureta na kichujio, taimingi, koili, pampu, na mafuta yenyewe. Petroli iliyokaa kwenye pipa hukusanya maji chini yake, na tone la maji kwenye bakuli la kabureta husababisha injini nzima kukohoa bila kuchagua. Mimina kiasi kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji yatakaa chini na mpaka wake na petroli utaonekana. Iko pia hali ya katikati, ambapo kila silinda inamisi lakini kwa zamu isiyotabirika, sasa hii, baadaye ile. Shika mhimili wa distributa uutikise upande kwa upande: ukicheza, mwanya wa pointi hubadilika kila mzunguko, na hakuna seti ya pointi mpya itakayotulia juu ya mhimili uliolegea.

Kwa dizeli kanuni ni ileile, ila hakuna nyaya. Hulegezwa nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, kiasi cha kuruhusu mafuta yavuje, na silinda ambayo injini haisikii kupotea kwake ndiyo yenye shida. Kidole kisisogezwe mbele ya mafuta hayo, maana mgandamizo wa pampu unaweza kuyapenyeza chini ya ngozi, na jeraha dogo la aina hiyo ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Turudi kwa silinda ya nne iliyosoma 62, kwa sababu hapo ndipo maneno ya kushusha injini hutamkwa haraka kuliko yanavyostahili. Kabla ya chochote, ondoa kifuniko cha juu, upime nafasi ya tapeti zake kwa fila. Nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, jambo jema sana kwa damu na akili za watoto wetu, na siwezi kulijutia kwa ajili ya lori lolote. Lakini risasi ile ilikuwa ikivikinga viti vya valvu vya chuma laini. Bila hiyo, na kwa mzigo mzito mlimani, kiti cha valvu ya eksozi huliwa kidogokidogo, valvu huzama, nafasi ya tapeti huisha, na valvu hubaki wazi kwa unywele hata pale inapotakiwa kufunga. Ikigundulika mapema, robo saa ya kuseti tapeti hurudisha kompresheni. Ikichelewa, ukingo wa valvu huwa umeungua na namba haipandi. Basi mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, zungusha kwa stata, pima tena. Oili huziba kwa muda pengo la ringi, lakini haiwezi kuziba valvu. Namba ikibaki 62, kasoro iko juu, kwenye valvu au gasketi, na hedi hufunguliwa bloku ikiwa palepale kwenye chesisi, kazi inayofanyika Dongobesh au Katesh kwa spana, gasketi mpya na dawa ya kusagia valvu. Namba ikiruka kufika 90, ringi za silinda hiyo ndizo zinazopitisha, na hapo injini ina sababu ya kufunguliwa hadi chini.